Wati za Verlin, Digrii za Ardith

Kwa miaka thelathini na mmoja Verlin Haugstad ndiye aliyeamua watu wa mji wa Mesa, Arizona, wasubiri sekunde ngapi kwenye taa nyekundu. Hakuwa meya wala polisi. Alikuwa fundi wa kupanga muda wa taa za barabarani, na ofisi yake ilikuwa chumba kisicho na dirisha, chenye ramani ya njia panda mia nne na feni ya mezani. Watu waliomtukana kila asubuhi hawakumjua jina, naye hilo halikumsumbua. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba binadamu akiachiwa atakwenda mbio, na akienda mbio atapoteza mafuta, breki na akili. Kazi yake ilikuwa kumpunguza kasi kwa faida ya huyohuyo binadamu.

Alipostaafu alibaki na mtu mmoja tu wa kumpangia mwendo, naye alikuwa mkewe Ardith, ambaye katika miaka arobaini na mitatu ya ndoa hakuwahi kusimama kwa sababu ya taa ya Verlin.

Bwawa lao la kuogelea, nyuma ya nyumba, lilikuwa na pampu ya zamani yenye kasi moja tu. Ilikaa pembeni, nyuma ya kichaka cha oleanda, ikinguruma kama lori lililokwama mchangani. Ilinguruma miaka kumi na tisa. Verlin alikuwa ameizoea hata akawa anaisikia pale tu inaponyamaza, na mwanzoni mwa Juni ikanyamaza kabisa. Ilikuwa wiki ileile Ardith aliporudi kutoka hospitali na goti jipya la chuma na plastiki.

Daktari wa mifupa alikuwa ameeleza mambo kwa ufupi. Jeraha likishafunga, yaani baada ya wiki sita, mgonjwa atembee majini kila asubuhi. Maji yatabeba uzito wake na goti litajifunza kukunjika. Wiki ya kumi watalipima. Likikunjika digrii mia moja, vizuri. Lisipofika, atamlaza Ardith kwa dawa ya usingizi, kisha atalikunja yeye mwenyewe.

"Utalikunja vipi?" Ardith aliuliza.

Daktari aliinua mikono miwili hewani akaikutanisha polepole, kama mtu anayefunga kiti cha kukunja kilichoshika kutu. Ardith aliitazama ile mikono kwa makini, wala hakuisahau.

"Nunua pampu," alimwambia Verlin garini, kabla hajafunga mkanda.

Kwenye duka la vifaa vya mabwawa Verlin aliomba pampu kama ile iliyokufa. Muuzaji akamwambia sheria haziruhusu tena pampu za kasi moja za ukubwa ule. Sasa kuna hizi za kubadilisha kasi, akasema, akaigonga moja kichwani kwa upendo kama mtu anayemsifu ng'ombe wake. Hii unaiambia mwenyewe izunguke mara ngapi kwa dakika, kuanzia mia sita hadi zaidi ya elfu tatu.

"Na ukipunguza kasi nusu," aliendelea, "umeme haupungui nusu. Unabaki sehemu moja ya nane."

Verlin alimwomba arudie. Muuzaji akarudia. Verlin alisimama pale kati ya ndoo za klorini akajisikia kama mtu aliyehubiri peke yake jangwani maisha yote, kisha akakutana na muumini wa kwanza. Miaka thelathini na mmoja amewaambia madereva jambo hilihili wakampigia honi. Na sasa hapa, ndani ya boksi, kulikuwa na mashine iliyomwelewa.

Pampu ilifungwa Jumatatu. Fundi alipoiwasha, Ardith alitoa kichwa kwenye mlango wa kioo, akiwa ameegemea fimbo.

"Inafanya kazi?"

"Inafanya," Verlin alisema.

"Siisikii."

"Huo ndio uzuri wake."

"Na maji siyaoni yakitembea."

"Huo ni uzuri wake wa pili."

Fundi aliipanga kwenye mizunguko elfu moja na mia tano, akafunga begi lake, akaondoka. Alimwachia Verlin vitu viwili: kitabu cha maelekezo, ambacho Verlin alikisoma mara mbili akichora rangi ya njano kila palipotajwa kuokoa umeme na si mahali pengine popote, na programu kwenye simu. Ukiifungua programu hiyo, inakuonyesha pampu inatumia wati ngapi dakika hiyohiyo. Wiki ile ya kwanza Verlin aliifungua mezani, akaifungua kanisani, akaifungua akiwa amekaa mahali ambapo watu wengine husoma gazeti.

Katikati ya Julai Ardith aliruhusiwa kuingia majini. Kila Jumanne na Ijumaa alikuja Noemi Barraza, binti wa kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo, mwenye kofia pana na kipimapembe cha plastiki chenye mikono miwili. Ardith alitembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, maji yakimfika kifuani, akipandisha goti kila hatua na kutaja majina ya watu asiowapenda ili kujipa nguvu. Kisha aliketi kwenye ngazi na Noemi akampima. Sabini na nne. Wiki iliyofuata, themanini na moja. Ardith aliandika namba hizo kwenye karatasi aliyoibandika mlangoni mwa friji.

"Tunapanda," Noemi alisema. "Usiruke hata siku moja, Bi Ardith. Goti linasahau upesi."

Hivyo ndani ya nyumba ile kukawa na namba mbili. Ya mke ilitakiwa ipande na ya mume ilitakiwa ishuke, na kwa muda hazikugombana.

Kilichozigombanisha kilikuwa kikao cha Jumamosi.

Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijaanza ukatili wake, wazee watatu wa mtaa walikaa kwenye banda la gari la Rulon Whiting, mlango umefunguliwa, viti vya kambini vimepangwa kuelekea barabarani. Rulon alikuwa jirani wa ukuta mmoja na Verlin. Aliuza viyoyozi maisha yake yote, alikuwa na wajukuu ishirini na wawili, na alimwita kila mtu Ndugu, kama walivyoitana kanisani kwake, ingawa Verlin alikuwa Mlutheri na alikwishamwambia hivyo mara kadhaa. Kahawa hakunywa. Alikunywa soda yenye barafu kutoka kwenye kikombe kikubwa kama ndoo ya kumwagilia. Wa tatu alikuwa Clovis Petrie wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, mtu mkimya aliyeleta donati.

Ikatokea kwamba wote watatu walikuwa na pampu mpya. Jumamosi moja Rulon akatoa simu yake bila kuulizwa.

"Wati mia moja na arobaini," alisema.

Verlin akatoa yake. Ilikuwa mia mbili na kumi. Clovis alikuwa na mia tatu. Akajitetea kwamba mti wake unaangusha majani mengi, na hakuna aliyemsikiliza.

"Ndugu Verlin," Rulon alisema kwa huruma, "mia mbili ni nyingi kwa mtu wa elimu yako."

Wiki iliyofuata Clovis alileta zawadi. Alikuwa ameiokota pampu ya zamani ya Verlin kwenye takataka, akaifungua, akatoa ndani yake kile kigurudumu chenye mapezi kinachosukuma maji, akakipulizia rangi ya dhahabu. Atakayekuwa na wati chache kuliko wote Jumamosi, alisema, atakitundika kwenye geti lake wiki nzima. Masharti yalikuwa rahisi: saa kumi na mbili kamili, simu zote tatu juu ya kreti la soda, namba inayoonekana ndiyo hiyo. Kigurudumu kikaenda kwa Rulon. Kilining'inia getini kwake siku saba, na kila Verlin alipotoka kuchukua barua kilimmetea machoni.

Verlin akashusha kasi hadi mizunguko elfu moja na mia moja. Rulon akaja na wati tisini na tano. Verlin akashuka hadi mia tisa. Rulon akaja na sabini, akinywa soda yake kwa amani. Na bwawa la Rulon, Verlin aliliona kwa macho yake akisimama juu ya ndoo ukutani, lilikuwa safi, buluu, linaonyesha hadi skrubu za kifuniko cha tundu la sakafuni. Akafanya hesabu yake. Kama maji ya Rulon yanabaki safi kwa wati sabini, na yamejaa wajukuu, ya kwangu yenye mwanamke mmoja anayetembea polepole yatakosaje?

Akashuka hadi mia sita, mahali ambapo pampu yenyewe inakataa kushuka zaidi.

Jumamosi ile simu yake ilionyesha wati hamsini na nane. Clovis alipiga mluzi. Rulon alitazama namba ile muda mrefu.

"Ndugu Verlin," alisema, "hapo hata feni yangu ya bafuni inakuzidi."

Verlin alirudi nyumbani na kigurudumu cha dhahabu akakitundika getini. Jumamosi iliyofuata akashinda tena.

Kulikuwa na jambo moja dogo. Kando ya pampu kilikaa kisanduku cha kutengeneza klorini kutokana na chumvi ya maji, na kisanduku hicho kilianza kuwasha taa nyekundu, kuizima, kuiwasha. Verlin aliitazama siku mbili. Ilimkera, na isitoshe taa nayo inakula umeme. Siku ya tatu alikuja na utepe mweusi wa mafundi umeme akaiziba.

Agosti ilikuwa imeingia. Maji yalikuwa ya moto kama supu iliyoachwa mezani.

"Ngazi zinateleza," Ardith alisema jioni moja.

"Ni yale mafuta yako ya kuzuia jua."

"Mafuta yangu ni meupe. Hii ni kijani."

"Ni kivuli cha oleanda."

Ardith alimtazama mumewe kama alivyomtazama daktari, kwa makini, akiweka akiba ya kumbukumbu. Kwenye karatasi ya friji goti lilikuwa limefika themanini na nane, kisha tisini na moja, na zilibaki digrii tisa na siku kumi na tatu.

Tangu hapo Verlin akaanza kuamka kabla ya mkewe. Alisugua ngazi kwa brashi. Aliokota uchafu juu ya maji kwa wavu, maana pampu ilivuta taratibu mno hata jani moja la oleanda liliweza kukaa mbele ya tundu la kufyonzea wiki nzima bila kushawishika. Na alipoona maji ya upande wa kina hayatembei kabisa, alikwenda bandani kwake akalitoa kafi la mtumbwi walilokuja nalo kutoka Minnesota walipohama, ambalo kwa miaka yote hiyo Arizona ilikuwa haijalipa kazi.

Ardith aliamka kwa kiu. Kupitia mlango wa kioo, katika mwanga mdogo wa alfajiri, alimwona mumewe amepiga magoti ukingoni mwa bwawa, amevaa pajama na kofia, akipiga kafi. Alipiga kwa mpigo mzuri, wa mtu aliyekulia ziwani. Ardith alifungua mlango.

"Unakwenda wapi?"

Verlin hakugeuka. "Nasaidia mzunguko."

"Si tulinunua pampu?"

"Pampu inafanya kazi."

"Kazi gani? Wewe unapiga kafi, unasugua, unaokota majani. Yenyewe inafanya nini?"

Verlin alifikiri kidogo. "Inaokoa umeme," alisema.

Jumanne Noemi alifika kama kawaida. Alivua viatu, akaweka begi lake kivulini, akatazama majini. Akavua na miwani ya jua, akatazama tena.

"Bi Ardith, rudi ukae."

"Nimeshavaa."

"Naona. Lakini leo huingii. Ukiteleza humo sakafu siioni, na nisipoiona sitakuona na wewe."

Verlin alisogea na mikono nyuma. "Ni kijani kidogo tu."

"Mzee Verlin, chura akipaona hapa atalipa kodi ya nyumba." Noemi hakutabasamu. Alizunguka nyuma ya oleanda. Walimsikia akiinama, kisha wakasikia utepe ukibanduka. "Hii taa nani ameiziba?"

"Ilikuwa inawaka na kuzimika."

"Inakwambia maji hayapiti ya kutosha. Yasipopita, kisanduku kinajizima. Hujatengeneza klorini hata chembe sijui tangu lini." Alirudi akiwa na kipande cha utepe kimenata kwenye kidole. "Mzee, taa nyekundu maana yake nini?"

Hilo swali, katika mji ule mzima, alikuwa ameulizwa mtu pekee ambaye hakupaswa kuulizwa. Ardith, aliyekuwa ameketi na taulo mabegani, alicheka kicheko kifupi kikavu, kisha akaacha kucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Siku tisa," alisema. "Alhamisi ijayo ananipima. Mimi mikono ile siitaki, Verlin. Nikiwa macho siitaki, nikiwa nimelala ndiyo siitaki kabisa. Sasa niambie, hiyo dhahabu pale getini ni ya nini?"

Verlin alimweleza. Alieleza Jumamosi, simu, kreti la soda, mia mbili na kumi, hamsini na nane. Alipokuwa akieleza, mambo ambayo bandani kwa Rulon yalisikika kama sayansi yalisikika vingine kabisa. Ardith alimwachia amalize.

"Basi ulinunua pampu yenye kasi zote," alisema, "ukaitumia kasi moja. Hata yule marehemu aliweza hivyo. Yeye angalau maji aliyasukuma."

Mchana ule Verlin aliipandisha pampu hadi juu kabisa. Ilinguruma. Alikwenda dukani na chupa ya maji ya bwawa ili yapimwe. Yule muuzaji aliyempa ile habari njema aliinua chupa kwenye mwanga, akamwuliza kama hii ni ya bwawa au ni kinywaji chake cha afya. Alimuuzia klorini ya nguvu, akamwambia asugue kuta mara mbili kwa siku na mtu yeyote asiingie kwa muda wa wiki moja.

"Hatuna wiki moja," Verlin alisema.

"Mwani haujui ratiba yako, mzee."

Alipofika nyumbani alimkuta Ardith sebuleni, amevaa nguo za kuogelea na juu yake gauni la kitambaa cha taulo, fimbo mkononi.

"Chukua taulo," alisema. "Nimempigia simu Rulon."

"Rulon yupi?"

"Rulon yule. Amesema niende asubuhi na jioni, mpaka Jumatano ijayo."

Verlin alihesabu haraka wanaume wote duniani ambao angependa mkewe akaogelee kwao kabla ya Rulon Whiting, akaona ni wote. Lakini Ardith alikuwa amekwisha fika mlangoni, akitembea na mguu wake ulionyooka kama mpini, na mtu wa kubeba taulo alikuwa mmoja tu. Wakapita kwenye geti lao wenyewe, chini ya kigurudumu cha dhahabu, wakazunguka ukuta.

Rulon aliwapokea kwa heshima zote. Alikuwa ametandika mkeka wa mpira kwenye ngazi ili mgonjwa asiteleze, na mkewe alikuwa ameacha mezani sahani ya viazi vya kuokwa na jibini, vilevile walivyowaletea siku ya upasuaji, na ambavyo watu wa kanisa lao huvipeleka pia misibani.

"Karibu, Dada Ardith. Bwawa ni lako. Wajukuu nimewafukuza."

Ardith alishuka ngazi ya kwanza, ya pili, akaingia. Maji yalikuwa buluu. Alianza kutembea, akaanza na majina yake, na la kwanza kutajwa lilikuwa la mumewe.

Verlin alisimama ukingoni na taulo. Kisha akageuza kichwa, maana alikuwa anasikia kitu. Kilikuwa kinatoka nyuma ya ukuta mdogo wa mapambo, mahali pa mitambo ya Rulon, na alikijua vizuri, kwa kuwa tangu adhuhuri alikuwa akikisikia kwake. Alitembea hadi pale kama mtu anayetazama maua. Pampu ya Rulon ilikuwa ikinguruma. Kioo chake kidogo kilionyesha mizunguko elfu tatu na mia mbili, na chini yake wati elfu moja na mia sita.

Alipogeuka, Rulon alikuwa nyuma yake na kikombe chake.

"Wajukuu ishirini na wawili, Ndugu Verlin," Rulon alisema kwa sauti ya chini. "Na wadogo hawaombi ruhusa ya kwenda chooni."

"Sabini," Verlin alisema. "Ulisema sabini."

"Na ilikuwa sabini. Uliiona."

"Saa kumi na mbili."

"Saa kumi na mbili. Dakika tano kabla inajishusha, saa moja inajipandisha. Nimeipanga mwenyewe." Rulon alinyonya soda yake. "Mashindano yalikuwa ya saa kumi na mbili. Mtu wa siku nzima ulikuwa wewe peke yako."

Uongo haukuwapo, hilo Verlin alilijua. Wizi pia haukuwapo. Kilichomchoma ni kwamba jambo alilofanya Rulon lilikuwa lile alilofanya yeye miaka thelathini na mmoja katika chumba kisicho na dirisha: muda huu hivi, muda ule vile, asubuhi watu wengi, usiku mmoja mmoja. Njia panda mia nne, na hakuna hata moja aliyoiacha na mwendo mmoja mchana kutwa. Halafu ameshindwa na bwawa moja. Na ameshindwa na muuza viyoyozi.

"Verlin," Ardith aliita kutoka majini. "Acha kunguruma na Rulon. Njoo unihesabie hatua."

Alikwenda akamhesabia. Alimhesabia Jumatano na Alhamisi, asubuhi na jioni, na Jumamosi saa kumi na mbili, wakati viti vya kambini vimepangwa na Clovis anafungua boksi la donati, alikuwa upande wa pili wa nyumba ileile, miguu majini, akihesabu. Baina ya asubuhi na jioni alisugua kuta za bwawa lake. Maji yalitoka kijani yakawa kijivu, kijivu yakawa maziwa. Jumatano iliyofuata jioni sakafu ilionekana, lakini Ardith alikwenda kwa Rulon mara ya mwisho, kwa sababu, alisema, kule hana wasiwasi na mwenye bwawa.

Alhamisi daktari alimlaza Ardith kwenye kitanda cha kupimia kilichotandikwa karatasi, akamwambia akunje kadiri awezavyo. Ardith alishika kingo za kitanda. Uso wake ulibadilika rangi. Verlin alikaa kwenye kiti cha pembeni, na bila kujua alikuwa akikunja goti lake mwenyewe, taratibu, kama linaweza kuvuta lile lingine. Daktari aliweka kipimapembe. Alikisogeza. Akakisoma, akakisoma tena.

"Mia moja na mbili."

Verlin aliacha kukunja goti lake.

"Hatuhitaji kukulaza kwa dawa," daktari alisema. "Endelea na maji."

"Asante," Ardith alisema, akiteremsha mguu polepole. "Hiyo mikono sasa unaweza kuirudisha mfukoni."

Ndani ya gari Verlin aliomba ruhusa ya kuipiga picha karatasi ya daktari. Ardith alimwuliza ya nini. Alisema ni kumbukumbu.

Jioni ile alikaa mezani na rula na penseli akachora ratiba ya pampu, kwa mistari na rangi, kama alivyokuwa akichora njia panda kubwa. Usiku wote, polepole. Mchana, polepole kiasi, ili kisanduku cha klorini kipate maji yake. Kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja asubuhi, kasi kubwa, ili uso wa maji usafishwe na Ardith aingie pasafi. Aliibandika kwenye friji kando ya karatasi ya digrii. Ardith alipita, akasimama, akachukua penseli, akaivuta ile saa moja ikawa saa moja na nusu, akaendelea na safari yake. Verlin aliitazama ratiba muda mrefu. Saa kumi na mbili, kila Jumamosi ya Mungu, ilikuwa imeangukia katikati kabisa ya ile kasi kubwa. Hakuifuta.

Jumamosi alikwenda bandani kwa Rulon akiwa na kigurudumu cha dhahabu mkononi, akakiweka juu ya kreti. Saa kumi na mbili kamili simu tatu zikalazwa. Clovis alikuwa na wati mia mbili na themanini. Rulon alikuwa na sabini, na alikuwa na adabu ya kutazama pembeni. Ya Verlin ilionyesha elfu moja na mia nne na hamsini.

Clovis aliisogelea kusoma vizuri. "Mzee mwenzangu, hii imeharibika?"

"Haijaharibika. Mke wangu yuko majini."

Rulon alikivuta kigurudumu upande wake, bila furaha yoyote ya kuonekana, na Clovis akapitisha donati. Verlin alichukua ya sukari, akalamba kidole, kisha akaitoa tena simu mfukoni kama mtu aliyekumbuka jambo. Alitafuta picha, akaikuza kwa vidole viwili, akailaza juu ya kreti.

"Digrii mia moja na mbili," alisema. "Wiki ya kumi."

Wakainama wote wawili. Clovis, aliyewekewa goti jipya miaka miwili iliyopita na hajawahi kulitaja, alirudi nyuma kwenye kiti chake. Baada ya muda kidogo mguu wake wa kulia ulianza kurudi chini ya kiti, taratibu, ukasimama, ukajaribu tena. Rulon aliisoma karatasi ya daktari kuanzia juu hadi chini. Akanyonya soda yake.

"Ndugu Verlin," aliuliza, "hii inapimwa saa ngapi?"